Malkia wa nyuki: anafugwa, anakuzwa au anazalishwa? Naomba msaada wa maneno

Kalamu Nzito

Salaam ndugu zangu. Mimi ni mfasiri, na huu ni mwezi wa nne niko na mwongozo wa nyuki ninaoutoa Kiingereza kuuleta Kiswahili. Nimefika sura ya malkia, na hapo ndipo nilipokwama.

Sura za mwanzo zilikwenda vizuri. Nyuki wana maneno yao katika Kiswahili na sikuhitaji kuazima popote: mzinga, sega, nta, majana (jana ni mtoto wa nyuki aliye bado kama funza), na kile kitenzi ninachokipenda kuliko vyote, kurina. Kiingereza huvuna asali kama kinavyovuna ngano. Sisi tuna kitenzi kizima chenye kazi moja tu, kutoa asali kwa nyuki. Siku nilipokiandika mara ya kwanza kwenye rasimu nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Taabu ni kwamba sura hii ina kazi tatu, na Kiingereza kimezipa vitenzi vitatu. Ya kwanza ni kuwa na nyuki mizingani na kuwaangalia, "keeping". Ya pili ni kuwachukua majana wachanga na kuwafanya malkia, "rearing". Ya tatu ni kuchagua kundi lipi litoe uzao, ili upole au uwezo wa kustahimili maradhi udumu kizazi hadi kizazi, "breeding". Mwanzoni zote nilizibandika "ufugaji". Nikaona haiwezekani. Mtu anaweza kufuga nyuki miaka 30 asimkuze malkia hata mmoja, na mwingine akakuza malkia mia bila kuchagua chochote. Nikajaribu "kuzalisha malkia". Hebu isomeni polepole: ni kumpata malkia mpya, au ni kumfanya malkia uliye naye azae? Mkunga huzalisha. Kiwanda nacho huzalisha.

Halafu kuna kitenzi cha nne, na hiki ndicho kimeninyima usingizi. Mfugaji anapomtoa jana kwenye sega na kumweka kwenye kikombe kidogo cha nta ili alelewe awe malkia, Kiingereza husema "grafting", neno la watu wa miti. Mimi nikaandika "kupanda". Sentensi yangu ilisema: "Siku ya 10 baada ya kupanda, toa vikombe." Rafiki yangu aliyekubali kuijaribu rasimu aliifuata neno kwa neno. Alihamisha majana, akawaacha siku mbili kwenye kundi la kuanzishia, yaani nyuki wanaoanza kuwalea, kisha akaipandisha fremu inayoshika vikombe kwenye sanduku la juu la mzinga wenye nguvu. Kwake yeye huko ndiko kupanda. Akahesabu siku 10 kutoka hapo. Alipofungua alikuta malkia mmoja ameshatoka, na vikombe vingine 14 vimetobolewa ubavuni, kila kimoja na maiti ndani. Alinitumia picha. Hakunilaumu, lakini kosa ni langu, na limetokana na neno moja.

Naomba mnisaidie. Ninyi mlio kwenye mizinga mnasemaje? Na wanaojua lugha nyingine, huko kazi hizi zinagawanywa vipi?

Mizinga Saba

Pole sana ndugu, na mfikishie rafiki yako pole yangu. Vikombe vilivyotobolewa ubavuni nimewahi kuviona kwangu, na vinauma. Malkia huchukua siku 16 tangu yai kutagwa hadi kutoka, kibarua (nyuki wa kazi) 21, dume 24. Yule anayetangulia kutoka hana subira na wenzake, huwaua humo humo vikombeni. Ukichelewa siku mbili umewapoteza wote.

Nianze na kukuza, maana hapo sina shaka. Yai la malkia na yai la kibarua ni yai lile lile. Kinachowatenga ni chakula: jana atakayekuwa malkia hujazwa yale maziwa meupe mazito ambayo nyuki walezi huyatoa kwenye tezi za kichwani, na hanyimwi mpaka kikombe kizibwe. Basi malkia hazaliwi malkia, analishwa mpaka anakuwa. Mimi husema "nakuza malkia", na wanaonisikia wananielewa. "Kulea" pia ni sawa, ila wanaolea ni nyuki wenyewe, mimi nawapa nafasi tu.

Kuhusu kile kitenzi cha nne, ngoja nikueleze ninachokifanya kwa mikono, kisha wewe utafute neno. Nakaa kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, sega liko magotini. Natafuta jana wa siku moja tangu kuanguliwa. Ukubwa wake ni kama alama ya mkato gazetini, naye amejikunja hivyo hivyo, anaelea kwenye tone la maziwa chini ya tundu. Naingiza kijiti chembamba kwa upande wa mgongo wake, namnyanyua pamoja na maziwa yake, namshusha kwenye kikombe kwa upande ule ule aliokuwa amelalia. Akigeuzwa anakufa. Kitambaa chenye unyevu kinafunika vikombe vilivyokwisha, maana akikauka pia anakufa. Hapo sioni kupanda. Naona kuhamisha.

Shamba Dogo

Niwape neno kutoka upande wa miti, kwa kuwa Kiingereza ndiko kilikoazima. Sisi kazi hiyo tunaiita kubebesha. Unakata kikonyo cha mwembe unaoutaka, unakiunganisha na shina la mwembe mwingine, utomvu unapita na viwili vinakuwa mti mmoja. Kwa hiyo ndugu mfasiri usije ukaandika "kubebesha majana". Jana haungani na kikombe. Anakaa humo siku zake kisha anatoka.

Ila kuna kupandikiza. Miche ikiwa bado midogo kitaluni unaing'oa na udongo wake kwenye mizizi, unaipeleka inapotakiwa kukua. Nimesoma maelezo ya Mizinga Saba nikaona ni jambo lile lile: kichanga, kinahamishwa na chakula chake, mapema kabla hakijakomaa. Kwangu mimi kupandikiza kunafaa kuliko kuhamisha, maana hata meza huhamishwa.

Bi Msamiati

Swali hili nimelingoja muda mrefu, mtaniwia radhi nikirefusha.

Kuna lugha ambazo hazina ukuta kati ya shamba na zizi. Kiswidi huita kazi ya nyuki "biodling", na "odling" ni neno wanalolitumia kwa viazi na maua. Kwa maana hiyo Mswidi analima nyuki. Kidenmarki husema "biavl", na "avl" hutumika kwa nafaka na kwa ng'ombe pia. Kiholanzi kina "bijenteelt", na "teelt" ile ile huingia kwenye mboga na kwenye mifugo. Jirani yao Mnorwei amekwenda njia yake: "birøkt", ambapo "røkt" ni utunzaji, ile kazi ya mtu anayepita kuangalia vyake kama viko salama. Kwa nyuki naliona hilo ndilo neno la kweli kuliko yote ya huko.

"Apiculture" ya Kifaransa na Kiingereza inatoka Kilatini, "apis" nyuki na "cultura", kutoka kitenzi "colere" ambacho kilikuwa na maana ya kulima, kukaa mahali, kutunza na hata kuabudu. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa pia neno lao la utamaduni.

Kiarabu husema "tarbiyat an-nahl". Tarbia hiyo tunaijua, imo katika Kiswahili kwa maana ya malezi na adabu za mtoto. Kihindi nacho husema "madhumakkhi palan": "madhumakkhi" ni inzi wa asali, na "palan" ni kulea, ndugu wa neno lao la kitanda cha mtoto mchanga.

Kichina nakiweka peke yake. Kitenzi "yang" hubeba nyuki, watoto, samaki na maua bila kubagua. Tena Mchina akisema "yang bing", neno kwa neno ni kufuga ugonjwa, lakini maana yake ni kupumzika na kujiuguza hadi upone. Sisi tukisema mtu anafuga ugonjwa tunamaanisha ameuacha bila dawa umkae mwilini. Hapo ndipo ilipo tabia ya kufuga kwetu. Mtu hufuga ndevu, hufuga kucha, hufuga jipu. Ni kukiacha kitu kikae nawe na kuendelea kuwapo. Ndiyo maana "kufuga nyuki" ni sahihi kabisa kwa kazi ya kwanza, na ndiyo maana haliwezi kazi ya pili wala ya tatu.

Sasa msaada wenyewe. Kifaransa kimezitenga kazi zako waziwazi. Nyuki kwa jumla ni "apiculture". Kukuza malkia ni "élevage de reines", kutoka kitenzi cha kuinua. Kazi ya tatu wanaiita "sélection", yaani uchaguzi. Hapo nakushauri uwafuate: acha kutafuta neno moja la "breeding", sema kinachofanyika, "kuchagua mbegu". Mbona tunasema dume la mbegu kwa ng'ombe, na kila mfugaji anaelewa ni yule aliyechaguliwa kwa ajili ya uzao? "Koloni la mbegu", yaani kundi la nyuki lililochaguliwa, litaeleweka vivyo hivyo.

Warusi wamenifundisha jambo jingine. Kazi ya nyuki ni "pchelovodstvo", ambamo mna kitenzi cha kuongoza, na kukuza malkia ni "vyvod matok", mzizi ule ule, kama kusema kuwaleta nje. Ila "matka" anayeletwa nje si malkia. Ni neno linalotokana na mama. Wapolandi nao humwita "matka". Nikisoma kwa lugha hizo naona mzinga hauna ufalme, una uzazi tu, na hilo liko karibu zaidi na ukweli, maana malkia hatawali mtu mle ndani.

Kwa kile kitenzi cha nne, Kifaransa kimefuata miti kama Kiingereza, "greffage". Kijerumani na Kihispania zimeunda neno kutoka kwa jana mwenyewe: "Umlarven" na "traslarve", yote mawili kwa maana ya kumtoa hapa kumtia pale. Wako upande wa Mizinga Saba.

Na kabla hamjachoka: katika Kichewa nyuki ni "njuchi" na asali ni "uchi". Kishona husema "nyuchi" na "uchi". Mdudu na chakula chake wana shina moja. Kiswahili kilibaki na nyuki wa Kibantu, asali ikaja na Kiarabu, na malkia pia. Nta ikabaki ya kwetu.

Kalamu Nzito

Bi Msamiati, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Ile ya kufuga ugonjwa imenifungulia mlango niliokuwa naupiga mateke.

Nimeamua hivi. Kufuga nyuki kwa kazi ya kwanza. Kukuza malkia kwa ya pili. Kuchagua mbegu kwa ya tatu, hata pale inapourefusha mstari. Kwa kitenzi cha nne nilikuwa namwelekea Shamba Dogo, kwa sababu picha ya mche na udongo wake ni nzuri mno. Lakini "kupandikiza" lina "kupanda" tumboni, na rafiki yangu ameshateseka na neno hilo. Nitaandika kuhamisha.

Swali dogo kwa Bi Msamiati. Mbele kuna ukurasa wa kumpa malkia mbegu za dume kwa chombo. Kwa ng'ombe tuna "uhimilishaji". Nilitumie?

Bi Msamiati

Marahaba. Hapana, hapo ningejizuia. Uhimilishaji umebeba himila ndani yake, yaani mimba, na ng'ombe kweli huhimili. Malkia hashiki mimba. Huruka siku chache za ujana wake, hupandwa na madume kumi hata ishirini, akazitunza mbegu zao kwenye kifuko tumboni na kuzitumia kwa miaka. Andika "kumtilia malkia mbegu kwa chombo". Ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Kalamu Nzito

Asante. Mizinga Saba, naomba jicho lako kwenye sentensi hii kabla sijaifunga: "Hesabu siku 10 tangu kuhamisha jana, kisha toa vikombe."

Mizinga Saba

Usiifunge. Isome kama mtu aliyeshika kitabu kwa mkono mmoja na bomba la kufukizia nyuki moshi kwa mkono mwingine. "Tangu kuhamisha jana" ataelewa ni siku ile iliyopita, atahesabu kuanzia jana yake. Weka wingi, na utaje sega ili asichanganye na kuinua fremu: "Hesabu siku 10 tangu siku uliyowatoa majana kwenye sega." Mimi kwenye fremu huandika tarehe kwa penseli kabla sijamgusa jana wa kwanza. Na hilo liweke kitabuni, hapo hapo kwenye mstari huo.