Naomba ushauri: kuizunguka Iceland kwa gari mwishoni mwa Septemba, siku zetu zinatosha?

BintiPangani
Wakuu, heshima kwenu. Mimi Mtanzania, naishi Manchester na mume wangu. Mama yuko Tanga, anakuja kututembelea kuanzia Agosti, na mwishoni mwa Septemba tunataka kumpeleka Iceland. Tiketi hatujakata ila likizo imeshapitishwa: tunatua uwanja wa ndege wa Keflavík Jumatano mchana, tunaondoka Jumanne inayofuata asubuhi. Wazo ni kuzunguka kisiwa chote kwa ile barabara namba 1. Mume kaangalia ramani, anasema ni kilomita 1,300 na ushee, "Dar mpaka Mwanza na chenji".

Naomba kujua: gari dogo la kawaida linatosha au lazima 4x4? Tulale hotelini au tukodi yale magari yenye vitanda ndani? Mama ana miaka 66, magoti yanamsumbua, na kitimoto hagusi. Halafu viza, maana nasikia kila mtu na lake.

Dereva_wa_Malori
Dada, hesabu ya kilomita ya shemeji iko sawa, ya saa ndiyo haipo. Barabara sasa ni lami mzunguko mzima, lakini mwisho wa mwendo ni 90, kwenye changarawe 80, mijini 50, na kamera zipo. Ongeza madaraja ya njia moja, mengi yako kusini mashariki: magari mawili yakikutana, aliye karibu zaidi na daraja anapita, mwenzake anangoja. Ongeza kondoo. Ongeza kwamba kila baada ya kitambo kuna kitu cha kusimama kukitazama, na mtu mwenye magoti akisimama maana yake anashuka polepole, anatembea polepole, anarudi, anaomba chai.

Mwanga nao si wa Juni. Mwishoni mwa Septemba jua linatoka saa moja na kitu asubuhi na kuzama saa moja na kitu jioni. Ukitoka mjini hakuna taa za barabarani, na sehemu nyingi barabara haina bega la kukimbilia ukikosea.

Mimi ningesema msizunguke. Jumatano laleni Selfoss. Alhamisi nendeni hadi Vík, njiani mkione Seljalandsfoss na Skógafoss. Maporomoko yote mawili yana kimo cha mita 60 hivi na mama atayaona vizuri bila kupanda ngazi hata moja. Ijumaa hadi Höfn, mkisimama Jökulsárlón, ziwa ambalo vipande vya barafu vinaelea mpaka baharini. Jumamosi mkae huko huko, Jumapili mrudi kwa nafasi, Jumatatu hifadhi ya Þingvellir na chemchemi za maji moto za Geysir.

Kitu kimoja ambacho wengi wanakipita: mkikaribia Skaftafell mtavuka uwanda wa mchanga na changarawe nyeusi, Skeiðarársandur. Kando ya barabara kuna vyuma vikubwa vimekunjwa. Ni mabaki ya daraja. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakajikusanya humo chini, Novemba yakafumuka na kushuka na mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Na hapo ndipo lilipokuwa pengo la mwisho la barabara hii, liliunganishwa 1974. Kabla ya mwaka huo, mtu wa Höfn akitaka kwenda Reykjavík kwa gari alizungukia kaskazini. Simameni pale, shemeji ataelewa kwa nini kilomita za huko hazifanani na za Dar–Mwanza.

Nyange_Lamu
Nakubaliana na Dereva, ila hajataja upepo. Watu wanabeba makoti wakidhani shida ni baridi. Baridi ya Septemba mnaishi nayo Manchester kila mwaka. Upepo ndio utawatoa jasho.

Ukitaka kushuka, kwanza geuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka. Hapo upepo unausukuma mlango ujifunge. Ukiegesha mgongo kwa upepo, ukifungua kidogo tu unanyakuliwa, unafunguka hadi bawaba zinapinda na bati la mbele linabonyea. Shika mlango kwa mikono miwili, na mama asifungue wa kwake, afunguliwe. Uharibifu huo kwa kawaida haumo kwenye bima, hata ile wanayokuambia ni kubwa. Kampuni moja niliyokodi iliniwekea mbele karatasi ya kusaini kuhusu milango kabla hata ya kunipa ufunguo. Huko kusini kuna pia bima ya mchanga na majivu, maana upepo ukiinua mchanga mweusi unakwangua rangi yote upande mmoja. Ile ya kokoto kwenye kioo chukueni.

Kuhusu gari: kisheria 4x4 inahitajika kwenye barabara za milimani, zile ambazo namba yake huanza na F. Nyingi mwisho wa Septemba zinafungwa au zimeshafungwa, na nyinyi hamna shughuli nazo. Barabara namba 1 gari la kawaida linapita. Ila mimi ningechukua zito kidogo, lililoinuka, kwa sababu ya upepo huo huo na kwa sababu mama atapanda na kushuka kwa urahisi kuliko kujikunja kwenye kigari. Gari la vitanda sikushauri. Upepo unalipiga ubavuni, na kulala popote njiani hairuhusiwi, lazima uingie kambi.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari fungueni vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa barabara. Ikionyesha imefungwa, imefungwa, msibishane nayo. Dharura ni 112. Taa za gari ziwake muda wote, hata mchana.

Kaskazi_Tupu
Msimtishe dada wa watu. Kuzunguka inawezekana, watu wanazunguka kwa siku hizo kila msimu. Vík, Höfn, Egilsstaðir, Akureyri, kisha mnashuka Reykjavík kilomita karibu 390. Kusini mnakosifia ndiko mabasi yote ya watalii yanakojazana. Kaskazini kuna maporomoko ya Goðafoss, kuna Hverir penye matope yanayochemka na harufu ya yai viza, kuna maporomoko ya Dettifoss ambayo ukisimama kando yake ardhi inatetemeka. Na Septemba ndiyo wakulima wanashusha kondoo kutoka milimani, mkibahatika mtakuta barabara yote nyeupe kwa kondoo na watu wamepanda farasi.

Mkienda, angalizo: kutoka pwani ya mashariki kwenda Egilsstaðir simu itawapitisha barabara 939, Öxi, kwa kuwa inaokoa kilomita nyingi. Ni rafu rodi yenye mteremko mkali na ukungu. Baki namba 1 inayofuata bahari.

Dereva_wa_Malori
Kaskazi, sijabisha uzuri wa kaskazini. Ratiba yako haina siku ya akiba hata moja. Dhoruba ikifunga barabara Jumapili wakiwa Egilsstaðir, ndege ya Jumanne inawasubiri?

Kaskazi_Tupu
Hapo umenishika. Bila mama ningewaambia waende.

Wakili_wa_Viza
BintiPangani, anza na viza kabla ya ratiba. Iceland imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza hiyo hata kama ana ukaazi wa Uingereza. Nyinyi wawili mnaiomba mkiwa Uingereza mnakoishi. Kwa mama ndipo penye mtego: kanuni ni kuomba katika nchi unayoishi, na viza ya matembezi ya Uingereza haimfanyi mkaazi. Akishafika Manchester, ubalozi unaweza kumpokea tu akieleza sababu ya kutoomba kwao, na hawalazimiki kuikubali. Aombe akiwa Tanzania, kabla ya Agosti. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Na viza yake ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtatoka naye na kurudi bila yeye.

MamaSwaleh
Viza ya Uingereza, ya kuingia mara nyingi ndiyo ya kawaida, ila sawa, aikague.

Chakula sasa. Soseji za kwenye mkate zinazouzwa kila sheli, wenyeji watakuambia ni za kondoo. Kondoo yumo kweli, lakini huchanganywa na ng'ombe na huyo mnayemwita kitimoto. Mama asile. Kilicho salama na kitamu ni samaki: chewa, supu ya samaki, na Höfn kamba wao wanasifika. Hotelini ni ghali mno, hivyo chukueni nyumba zenye jiko, mnunue vyakula kwenye maduka ya Bónus au Krónan mkiwa bado upande wa Reykjavík. Bebeni mchele na viungo. Maji ya bomba ya baridi kunyweni bila wasiwasi. Ya moto sehemu nyingi yananuka kiberiti kwa kuwa yanatoka ardhini, ya kuogea tu.

Sheli nyingi hazina mhudumu, kwa hiyo muwe na kadi yenye namba ya siri. Msishangae mashine ikizuia fedha nyingi kuliko mafuta mliyojaza, zinaachiwa baadaye. Na ufukwe wa Reynisfjara karibu na Vík, mama akae juu. Pale wimbi moja kati ya mengi hupanda ghafla mpaka kwenye miamba na kuvuta watu, na wameshakufa wageni. Pana taa za tahadhari, zifuateni.

BintiPangani
Asanteni sana jamani. Mume kasoma yote, kanuna kidogo, kakubali: kusini tu, tunaishia Höfn. Mama nimempigia, kesho anaanza kukusanya karatasi za viza.

Swali la mwisho, naona haya kuuliza. Nataka aingie yale mabwawa ya maji moto kwa ajili ya magoti. Nimesoma kwamba lazima uoge uchi mbele za watu kabla ya kuingia. Ni kweli? Maana huyu ni mama wa Tanga.

MamaSwaleh
Ni kweli, mwanangu. Bila nguo ya kuogelea, kwa sabuni, kwa sababu mabwawa yao hawayatii klorini nyingi. Lakini wanawake peke yao, wanaume peke yao. Baadhi ya mabwawa yana bafu la pembeni lenye pazia au mlango, kwa hiyo pigeni simu kwanza mkaulize kama lipo, na kama mavazi ya kufunika mwili yanaruhusiwa majini. Mimi yangu waliyakubali. Mpeleke asubuhi mapema siku ya kazi, mtakuta vikongwe wa pale pale wamejilaza hadi shingoni wanapiga soga, na hakuna atakayemtazama.