Naomba ushauri: vijana 8 wa Mwanza kwenda Würzburg

Wadau, salaam. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966. Tunaandaa ziara ya vijana 8 wa miaka 16 hadi 20, siku 14, kisha wenzao waje kwetu.

Viza ya Schengen (ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya) huombwa kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000, na aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Hayo tunayamudu. Kikwazo ni kuthibitisha kwamba kijana atarudi, maana hana ajira wala akaunti ya benki. Barua ya shule na ya mwenyeji zinatosha, au halmashauri nayo iandike?

Halafu uteuzi, na hapa ndipo penye kazi. Ukiachia ofisi, wanaenda watoto wa wakubwa (tunajuana). Ukichuja kwa Kiingereza, wa shule za kata wanaachwa. Tunafikiria mradi wa miezi 3 kabla ya safari, kupima maji ya Ziwa Victoria huku wenzao wa Würzburg wakipima mto Main wa kwao, na wanaojituma kwenye mradi huo ndio wasafiri. Aliyewahi kuchagua hivyo atueleze: kijana akijitoa viza ikiwa tayari imeombwa, mnambadilishaje?