Rivolva ya .38 inapiga juu: nipunguze saiti ya mbele?

Mkazi_Rongai
Habari wadau. Nina rivolva ya .38 Special, mtutu wa inchi 4. Saiti (kilengeo) ya nyuma ni mfereji uliochongwa kwenye fremu, haina skrubu. Ya mbele ni bapa. Nikiwa mita 15, mikono juu ya mfuko wa mchanga, risasi zinatua sentimita 10 juu ya ninapolenga. Kushoto na kulia ziko sawa. Natumia risasi zenye uzito wa greni 158. Nikipiga tupa saiti ya mbele zitashuka? Ama nichimbe mfereji wa nyuma?

TupaLaini
Tupa iweke mbali kwanza. Ukifupisha saiti ya mbele, itabidi uinue mdomo wa mtutu ndipo ncha yake ilingane na mabega ya mfereji (kingo zake za juu), na risasi itazidi kupanda. Silaha inayopiga juu inataka saiti ndefu zaidi. Kuchimba mfereji nako ni kazi bure: unalinganisha ncha na mabega, si na kitako cha mfereji. Ukikata mabega yenyewe, risasi zitashuka kweli, lakini hiyo ni fremu. Ukiiharibu, umeharibu bastola nzima.

Hesabu ya urefu wa kuongeza ni hii: kosa (risasi zimepanda kiasi gani) mara umbali kati ya saiti mbili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Tuseme saiti zako zimeachana milimita 150. 100 × 150 ÷ 15,000 = milimita 1. Yaani kila sehemu ya kumi ya milimita inashusha risasi sentimita 1. Pima kuanzia uso wa nyuma wa saiti ya mbele hadi kwenye mfereji. Urefu wa mtutu usiutumie hapo.

Mama_Shabaha
Kabla ya fundi, badilisha risasi. Rivolva huanza kuinua mdomo risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Risasi nzito ya mwendo wa pole hukaa humo muda mrefu zaidi, ndiyo maana hutua juu. Jaribu greni 125 au 110 za mwendo wa kasi, vikundi vitatu vya risasi tano, upime katikati ya kila kikundi. Mara nyingi hushuka sentimita kadhaa, na huenda hiyo ikatosha.

Ila kuna jambo linanitia shaka. Rivolva nyingi za .38 zenye saiti zisizorekebishwa hutengenezewa greni 158 hiyohiyo. Kwa kuwa yako inapanda sentimita 10 hata kwa risasi hiyo, angalia ncha ya saiti kwa lenzi: ukiona mikwaruzo ya tupa au rangi nyeusi imetoka, kuna mtu aliipunguza kabla yako. Pia mwombe mwenzako pale uwanja wa shabaha wa Kirigiti aipige. Kwenye mwanga hafifu watu huacha ncha ichungulie juu ya mabega bila kujua, na wengine husukuma kwa kisigino cha kiganja wakivuta triga.

Mkazi_Rongai
Asante dada. Mikwaruzo ipo kweli. Sasa inarefushwaje?

TupaLaini
Inategemea imeshikwaje. Ikiwa na pini inayopita ubavuni, pini hutolewa na bapa refu likaingia. Bapa jipya aghalabu huja bila tundu, kwa hiyo hutobolewa nusu upande huu, nusu upande ule, la sivyo kekee inapinda. Ruger GP100 ni rahisi: unabonyeza kipini cha springi mdomoni, saiti inatoka. Kama imechongwa pamoja na mtutu, inabidi kuongezwa chuma kwa kulehemu, na joto lisilodhibitiwa huharibu mdomo wa mtutu. Hiyo si kazi ya jua kali. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka ukarabati ufanywe na muuzaji aliyesajiliwa.

Mwambie fundi huyo aache urefu uzidi kwa milimita 0.5 hivi. Ikipiga chini, hapo ndipo tupa inafaa: bastola tupu, mtutu umefungwa utepe, misuguo michache, piga vikundi, pima tena. Simama ikibaki sentimita 1, kwa sababu kulainisha ncha kutakula kilichobaki. Kisha ipakwe dawa ya kutia weusi. Ncha inayong'aa juani hudanganya jicho.

Mkazi_Rongai
Na kubandika kipande cha plastiki juu ya saiti ya mbele kwa gundi, nijaribu kwanza?

Mama_Shabaha
Kwa kupima tu, sawa. Kata kipande cha milimita 1, upana uleule wa saiti, ukibandike wima bila kuegemea. Zikitua unapolenga, mpelekee fundi kipimo hicho. Usiibebe kiunoni hivyo. Hung'oka kwenye mfuko wa bastola.