Mjadala: Daktari aliyeacha udaktari akafungua duka la mabati, tunamdai au anatudai?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Niko zamu ya usiku, kwa hiyo nikikatiza mjue nimeitwa wodini.

Jana nilikwenda mjini kununua betri ya sola. Duka la jirani linauza saruji na mabati, na nyuma ya kaunta nikamkuta daktari aliyekuwa mkuu wangu wa kazi hapa kituoni. Amenenepa. Alifurahi kweli kuniona, akaagiza soda, tukakaa juu ya mifuko ya saruji tukapiga soga. Wateja wote wanamwita Dokta. "Dokta, hizi bati ni geji 28 au 30?" Anajibu bila hata kugeuka, kama alivyokuwa akisoma patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi.

Nimerudi na betri yangu lakini kuna kitu kimenikaa kooni.

Mimi ni daktari msaidizi. Kwa vijana wasioijua kada hii: unasoma uofisa tabibu miaka mitatu, unafanya kazi, halafu unarudi darasani miaka miwili na kufundishwa pia kupasua. Tangu miaka ya 1960, ukisikia mama kafanyiwa upasuaji huko wilayani, mara nyingi aliyeshika kisu ni mtu wa kada yangu. Kozi yenyewe sasa imefutwa. Tuliobaki tunasubiri kustaafu. Kituo chetu kiko huku magharibi, kilomita 70 hadi hospitali ya wilaya, kiangazi vumbi, masika tope. Tulipojengewa chumba cha upasuaji tukaletewa pia daktari mwenye digrii, huyuhuyu muuza mabati, tukawa wawili wa kupasua. Alikaa miezi saba. Akaandika notisi ya saa 24, akalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, akapanda basi la alfajiri.

Wiki ya tatu baada ya hapo, usiku wa mvua, nilikuwa nimeshamfungua tumbo mama mmoja mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hapiti. Muuguzi akachungulia mlangoni: kaja mwingine, ana kovu la upasuaji wa kwanza, uchungu umekolea na anavuja damu. Mikono yangu ilikuwa ndani. Nikamwambia ampeleke wilayani. Dereva aliwasha gari, nikasikia linaserereka getini. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Mama tulimwokoa, kwa maana ya kwamba yu hai.

Sisemi ni kosa la muuza mabati. Nasema tungekuwa wawili.

Sasa hoja. Nafasi ya kusomea udaktari haiongezwi kwa kuongeza viti tu. Kila mwanafunzi anahitaji maiti ya kujifunzia, kitanda chenye mgonjwa, na bingwa wa kumsimamia. Ndiyo maana vyuo vinachukua wachache. Aliyeingia kamwacha mwenzake nje na PCB yake (fizikia, kemia na biolojia) mkononi. Miaka mitano darasani, mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha anasema "nimejitambua, mimi ni mtu wa biashara". Haya, jitambue. Lakini pendekezo langu ni hili: anayeacha udaktari kabla ya kutumikia miaka mitano arudishe gharama za kumsomesha, gharama halisi, siyo ada tu. Nipingeni.

Niliyeacha

Shikamoo mzee. Nitakupinga kwa adabu.

Nilimaliza kidato cha sita na divisheni wani ya pointi tatu, ufaulu wa juu kabisa. Mtoto wa PCB mwenye pointi tatu haulizwi anataka kusoma nini. Ukoo ulikuwa umeshaanza kuniita daktari kabla sijajaza fomu. Mjomba alikuja na mbuzi. Nilikuwa na miaka 19 na nilichokuwa nakipenda ni hesabu.

Hata hivyo nilisoma, nikapenda nilichokikuta. Nilipomaliza utarajali nikasajiliwa na Baraza la Madaktari, nikajua sasa kazi. Mzee, nilikaa miaka miwili na nusu bila ajira. Unaomba, jina halitoki. Unaomba tena. Nikajitolea hospitali moja, nikipewa nauli mwezi wanaokumbuka. Nimezalisha, nimefunga majeraha, nimesaini vyeti vya vifo, na jioni namwomba dada yangu hela ya vocha. Hospitali hiyohiyo ilikuwa inalia upungufu wa madaktari kila kikao.

Unakumbuka 2017? Madaktari wa Kenya wamegoma, Rais Magufuli akakubali kuwapelekea madaktari 500 kutoka kwetu. Mahakama ya huko ikazuia. Akaagiza walioomba kwenda, 258, waajiriwe hapa nyumbani mara moja. Watu walishangilia. Mimi nilijiuliza, hao 258 walikuwa wapi siku zote? Walikuwa mitaani wakiwa na vyeti, na nafasi za kuwaajiri zikapatikana kwa tamko la siku moja.

Kuhusu kurudisha gharama: mimi sikusomeshwa bure. Nilikopeshwa na Bodi ya Mikopo, na leo nafanya kazi ya takwimu kampuni ya bima, asilimia 15 ya mshahara wangu inakatwa kabla sijauona. Mhasibu anakatwa hivyohivyo. Unataka nilipe mara ya pili kwa sababu mlininyima ajira mara ya kwanza?

Muuguzi

Dokta akiacha kazi mnafungua mjadala. Nesi akiacha kazi mnahesabu mashuka.

Mchangiaji wa Kisumu

Huku kwetu hadithi ni ileile. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi, yaani walio kwenye mwaka wa utarajali: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Na kabla ya hapo walikuwa wamekaa nyumbani miezi mingi wakingoja tu kupangiwa hospitali, na bila kumaliza mwaka huo huwezi kupata leseni kamili. Kijana amekwama hivyo, akapata kazi ya kuuza programu za kompyuta, mwaka ukaisha. Ulipofika wito wa kuja hospitali alikuwa na mtoto na kodi ya nyumba. Huyo ameacha udaktari, ama hakuwahi kuuanza?

Asiyetaja jina

Mbona wengine hamuwadai? Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, ni daktari wa tiba. Dk. Kigwangalla alisomea udaktari, 2017 akapewa wizara ya maliasili na utalii. Mwenye king'ora tunampisha njia, mwenye duka la mabati tunamletea bili.

Mleta mada

Hili la wanasiasa nimelisoma, nimecheka. Mtu anayeendesha nchi bado yuko ofisi ya umma. Lakini mbunge wa kawaida aliyeacha wodi yenye daktari mmoja... sawa, umenipata hapo. Naye adaiwe.

Mama wa Morogoro

Baba daktari, pole na zamu. Mimi ni mama tu, sijui sera.

Mwanangu ni daktari. Ekari mbili za mpunga ziliuzwa akasoma. Alifanya hospitali mwaka mmoja akachukuliwa na mradi wa Ukimwi, wa pesa za Wamarekani. Hakuwa anatibu, alikuwa anakagua vituo na kuandika ripoti. Sikumlaumu, maana mshahara ulijenga hii nyumba na umesomesha wadogo zake. Miaka tisa. Januari 2025 ikaja amri kutoka Marekani, pesa zikasimamishwa, na baada ya muda mfupi akarudi na boksi lenye kikombe na kalenda.

Sasa yuko hapa. Nimemwambia rudi hospitali. Ananiambia, "Mama, mara ya mwisho kumtoboa mtu mshipa ilikuwa 2016. Nikikosea?" Leseni hakuihuisha. Anaona aibu kwenda kusimama nyuma ya vijana aliowatangulia miaka kumi. Nyie wasomi mnabishana ya kutoka. Nani anajua ya kurudi? Maana kuna nyumba tatu kwenye mtaa huu zenye kijana kama wangu.

Niliyeacha

Mama, shikamoo. Aanze na Baraza la Madaktari, awaulize masharti ya kuhuisha leseni iliyolala, kisha aombe kukaa chini ya usimamizi hospitali yoyote itakayomkubali hata miezi mitatu. Vidole havisahau haraka anavyodhani. Aibu ndiyo itamsumbua zaidi, na hiyo sina dawa yake, hata mimi ninayo.

Mleta mada

Kumekucha. Nimemaliza zamu, wawili wamezaliwa salama, wa kike wote. Nimesoma yote kwa utulivu.

Mama, pole. Sikufikiria kabisa hao wa miradi. Nimewahi kuwaona wakija kutukagua, na kwa kweli nilikuwa nawaonea wivu magari yao. Daktari aliyesomea kupasua anahesabu safu za rejista yangu kwa kalamu nyekundu, halafu anaondoka saa tisa ili asikutwe na giza njiani. Wadau wa nje waliwachukua, sisi tukapiga makofi kwa kuwa dawa zilikuja. Na dawa zilikuja kweli, nisiseme uongo. Watu waliokuwa wanakufa walisimama.

Kijana uliyeacha, marahaba. Pendekezo langu nalirekebisha. Aliyemaliza akakaa mtaani bila kuajiriwa hadaiwi hata senti. Huyo ndiye anayetudai. Lakini aliyepewa kituo, akapokea mshahara, wagonjwa wakamzoea, akaondoka kwa notisi ya saa 24 kutoka sehemu anayojua haina mwingine, huyo simsamehei haraka. Ameacha mlango wazi usiku. Angalau akae miezi mitatu hadi mtu apatikane. Hilo mnaweza kunipinga mpaka kesho.

Halafu niwaambie jambo ambalo watu wa kada yangu huwa hatulisemi kwa sauti. Mnatusifu kwamba tulibaki vijijini, eti uzalendo. Mimi nilibaki kwa sababu cheti changu hakiuziki. Bima hawakitaki, miradi iliwataka wenye digrii, Ulaya na Botswana hawajui hata jina lake. Jirani zetu Msumbiji walifundisha watu kama sisi, wasio na digrii ya udaktari, wakawapa kisu. Walipofuatiliwa miaka saba baada ya kuhitimu, karibu tisa katika kila kumi walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya, na madaktari waliopelekwa kule kipindi hichohicho walikuwa wameondoka karibu wote. Wale nao hawakuwa malaika. Walitoka vijijini, wameoa huko, wana mashamba huko, na hawakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo tunapofuta kada inayobaki na kutegemea kada inayoondoka, tusijifanye tumeshangazwa. Ningekuwa na sauti ningesema: sehemu ya nafasi za udaktari kila mwaka watengewe maofisa tabibu waliokwisha kutumikia vijijini miaka kadhaa. Siku hizi ofisa tabibu mwenye ufaulu mzuri anaruhusiwa kuomba, lakini anagombania kiti na mtoto wa miaka 19 mwenye pointi tatu ambaye mjomba kamletea mbuzi. Ofisa wangu hapa, binti ana miaka 31, ameshazalisha mapacha kwa tochi ya simu, hana haja ya kwenda chuoni kugundua kama anaipenda kazi. Anajua, na kuna siku anaichukia, na kesho yake anakuja.

Mtasema naye akipata digrii ataondoka. Huenda. Lakini ana nyumba hapa nyuma ya kituo na kuku arobaini.

Sasa swali kwa kijana, na usinijibu mshahara peke yake: ni kitu gani kingekurudisha?

Niliyeacha

Mzee, umenikalisha kitako. Nimefikiri tangu asubuhi.

Ningerudi kwa siku mbili kwa wiki. Ijumaa na Jumamosi, usiku, nibaki na kazi yangu ya takwimu ambayo pia naipenda. Niko tayari hata kusafiri. Lakini kila tangazo la serikali nililowahi kulisoma linataka uwe wote, au usiwe kabisa. Kliniki binafsi za mjini wananipigia wikendi niwashikie zamu, wananilipa kwa siku. Kijijini hakuna anayenipigia.

Mleta mada

Ijumaa na Jumamosi ndizo mbaya zaidi hapa, ni siku za gulio na pombe. Nitamuuliza mganga mkuu wa wilaya kama kuna fungu la kumlipa mtu kwa zamu. Nitumie namba ya usajili wako kwa ujumbe wa faragha, usiiweke hapa. Na yule wa mabati nitampitia Jumatatu, betri niliyonunua imegoma kushika chaji.