Naomba ushauri: betri ilikaa puani mwa mwanangu siku 9, daktari akasema ni mafua

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 3 alianza kutoa kamasi lenye harufu mbaya, tena tundu la kulia tu. Nilimpeleka hospitali siku ya 2 na ya 5. Mara zote nilisema ni upande mmoja, nikaonyesha na kitambaa chenye madoa meusi ya damu. Daktari hakumulika puani hata kidogo. Akaandika dawa za mafua.

Siku ya 9, kwingine, daktari wa masikio, pua na koo alipiga eksirei. Kikaonekana kiduara cheupe: betri ya saa. Ilitolewa palepale, lakini ukuta wa kati wa pua ulishatoboka. Akanieleza kuwa betri hizi huanza kuunguza nyama ndani ya saa chache, na kamasi la upande mmoja kwa mtoto lazima limfanye daktari atafute kitu kilichokwama. Hilo linanikosesha usingizi.

Nimelalamika kwa maandishi. Hospitali inajibu kwamba tundu lingetokea hata wangeiona siku ya 2. Je, hoja hiyo huvunjwaje? Natafuta daktari bingwa wa kutoa maoni huru, au nianze na wakili? Nakala ya faili niliiomba, bado wananizungusha.

Na je, nidai sasa, au nisubiri pua ikue nijue kama itabonyea? Naogopa muda wa kufungua shauri usije ukanipita. Mliopitia haya, nisaidieni jamani.