Mrejesho: gitaa fupi la umeme lenye nyuzi legelege

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini uzi mnene wa gitaa langu la bei nafuu, lenye umbo la Fender Mustang ya mwaka 1964, unagongagonga freti (vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) na kutoa noti ya juu kuliko inayotakiwa kila ninapoubonyeza. Nawashukuru sana mlionielekeza kwenye nyuzi badala ya kunishauri ninunue gitaa jingine.

Kwa kuwa urefu wa uzi ni inchi 24, si 25.5 kama wa gitaa la Fender Stratocaster, uzi uleule ukivutwa hadi noti ileile hubaki na mkazo pungufu kwa takriban asilimia 11, na ndiyo maana seti ya 9 hadi 42 (unene wa uzi mwembamba zaidi na mnene zaidi, kwa elfu za inchi) ililegea mno. Sasa nimefunga ya 11 hadi 49. Nyuzi hizo zilinasa kwenye mifereji iliyo juu ya shingo, zikitoa mlio mdogo wa "tik" kila nilipogeuza ufunguo, hivyo fundi akaipanua kwa tupa ndogo, akakaza chuma cha ndani ya shingo ili isipindwe na mvuto wa nyuzi nene, kisha akasogeza nyuma tandiko (kipande ambacho uzi huegemea upande wa mwili wa gitaa) la uzi wa sita, ule mnene, mpaka noti ya freti ya 12 ikawa oktavu kamili (noti ileile, ngazi moja juu) ya uzi ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa.

Mgongano umekwisha. Vinasa sauti nimeviacha vilivyo, kwani sauti yake naipenda.