Tupeane uzoefu: safari ya kituo kimoja iliyokutoa jasho

Mshika Kibendera
Wadau, jana nilikuwa nafua koti la baridi, mfukoni ikatoka tiketi ya treni iliyokauka kama jani la tumbaku. Ya Italia. Nikakaa chini kabisa.

Safari yenyewe dakika saba. Nilinunua tiketi kwenye mashine, nikalipa halali, nikapanda, nikakaa zangu. Mkaguzi alipofika nikampa kwa maringo. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akauliza muhuri uko wapi. Kumbe kule tiketi ya karatasi ya zile treni za mikoani ukishainunua hujamaliza, unaichomeka kwanza kwenye kijimashine cha stesheni kiigonge tarehe na saa kabla hujapanda. Isipogongwa wanahesabu hujaitumia, kesho unaweza kuja nayo tena. Vijimashine hivyo nilivipita viwili nikiviona hivi hivi, nikadhani ni vya wenye magari. Nikapigwa faini mbele ya behewa zima.

Nimewahi kulala usiku kucha ndani ya treni nisiulizwe kitu. Hizi za kituo kimoja ndizo zinazonivua nguo. Nani mwenzangu?

Mama Pacha
Mwenzio nipo. Mimi niligonga, ila nilichomeka upande usio na wino. Mkaguzi akacheka, akaandika saa kwa kalamu, akaniacha.

Mshika Kibendera
Wako alikuwa malaika.

Kichwa cha Treni
London, treni za chini ya ardhi. Nilipanda Leicester Square kwenda Covent Garden. Mita kama 260 tu, treni haimalizi dakika. Hakuna aliyeniambia! Nashuka, foleni ya lifti imejaa watalii, nikaona ngazi, nikajitia kijana. Ngazi 193, za kuzunguka kama konokono, na nyuma kuna watu kwa hiyo kurudi huwezi. Nilipotokea juu, ulimi nje, nikamuuliza mtu Leicester Square ni wapi kutoka pale nijue nimesafiri kiasi gani. Akanyoosha kidole tu.

Saa Mbovu
Ulikumbuka kugusa kadi wakati wa kutoka? Kule ukisahau wanakukata nauli ya juu kabisa, kana kwamba umeuzunguka mji mzima.

Kichwa cha Treni
Geti halifunguki bila kugusa, mkuu. Kadi nilikuwa nayo, pumzi ndiyo sikuwa nayo.

Binti Reli
Kwenye baadhi ya stesheni za kubadilishia treni huko London kuna visomaji vya kadi vya rangi ya waridi. Ukigusa pale unaonyesha kwamba hukupitia katikati ya mji, nauli inashuka. Miaka miwili nilikuwa navipita nikijua ni mapambo.

Chuma Chakavu
Uingereza raha yake ni kuikata safari vipande. Badala ya tiketi moja ya kwenda mpaka mwisho, unanunua mbili au tatu zilizounganika. Treni ni ile ile, kiti kile kile, wala hunyanyuki, na mara nyingi inatoka nafuu. Mara ya kwanza nilitetemeka mkaguzi alipokuja. Akazitazama zote tatu, akaendelea na wengine.

Mpole Sana
Huo ni wizi.

Chuma Chakavu
Wizi wapi? Masharti yao wenyewe yanaruhusu. Kwa tiketi za kawaida hizi, mradi treni isimame kwenye kituo unachounganishia.

Mpole Sana
Kitu kikihitaji maelezo marefu hivyo, ni wizi.

Chuma Chakavu
Basi na mahari ni wizi.

Binti Reli
Acheni. Angalieni tu zile tiketi za bei ya chini zinazonunuliwa mapema kwa treni moja tu iliyotajwa. Binamu yangu alikata ya kituo cha mbele kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya kwake, akashuka kituo kimoja kabla. Getini ikakataa. Akalipishwa kwa kosa la kusafiri pungufu. Mpaka leo ukilitaja anasimama kuongea.

Abiria wa Dirishani
Nimecheka, halafu nikakumbuka yangu, kicheko kikakata. Kaeni vizuri.

Ujerumani, mimi, mama watoto na mtoto wa miaka miwili kwenye kigari. Tulinunua tiketi ya siku ya kundi, ile inayobeba watu mpaka 5 kwenye treni za mkoa, unaandika majina kwa mkono. Siku za kazi haianzi kabla ya saa tatu asubuhi. Basi saa tatu ilipogonga, wabana matumizi wote wa mji ule tukawa kwenye jukwaa moja. Treni inakuja, fujo. Mke akatangulia na mabegi, mimi nikabaki natafuta mlango wa kuingiza kigari. Milango ikafunga. Yeye ndani, mimi na mtoto nje. Simu zote mbili ziko kwangu, yake ilikuwa inachaji kwenye koti langu.

Kupitia kioo akanipigia ishara ya mkono, kama mtu anayezungusha kamba. Nikaelewa "njoo". Kumbe alimaanisha "nageuza".

Tulikuwa tunakwenda kituo kimoja tu! Treni iliyofuata nikaingia mbio. Katikati ya njia tukapishana na treni ya upande wa pili. Mtoto akasema "mama". Nikamwambia nyamaza, mama yuko mbele. Wadau, mtoto alimwona.

Wakati huo huo watu wawili waliovaa kiraia wakasimama, wakatoa vitambulisho. Tiketi. Nikasema anayo mke wangu. Mke yuko wapi? Kituo kinachofuata. Tukafika, mke hayupo. Nikawaomba niipeleke baadaye ofisini. Wakanieleza kwa adabu sana kwamba nafuu hiyo ni ya mwenye pasi ya treni yenye jina lake peke yake, aliyeisahau nyumbani, huyo analipa euro 7. Ya kundi inataka kundi liwe pamoja. Euro 60. Mtoto analia, mimi naandika anwani.

Nikarudi. Naye, aliponikosa kule, alikuwa ameshapanda kunifuata tena. Tulipishana mara tatu. Mwishowe mama mmoja mfagizi wa stesheni, aliyeniona nikishuka na kupanda, akanishika bega akaninyooshea benchi. Lugha hatukuelewana, ila benchi nikalielewa.

Mama Pacha
Mtoto alimwona 😭😭

Saa Mbovu
Mkipotezana anayesonga ni mmoja. Shemeji alipaswa kukaa alikoshukia.

Binti Reli
Hapana, aliyebaki nyuma ndiye anayetulia. Aliyechukuliwa na treni ndiye anarudi. Shemeji alifanya sawa kabisa.

Saa Mbovu
Anarudije, na mwenye mtoto anamfuata?

Binti Reli
Ndiyo maana nasema angetulia!

Kichwa cha Treni
Kila mtu ashike tiketi yake, basi.

Chuma Chakavu
Ya kundi ni karatasi moja, mkuu. Umesoma?

Mama Pacha
Abiria, samahani kaka, mfuko wa kigari uliuangalia?

Abiria wa Dirishani
Tiketi zinakaa kwenye mkoba wa mama, dada yangu. Siku zote.

Pole Pole
Jamani, nirudi kwenye mada. Japani, eneo la Tokyo, unaweza kukata tiketi ya kituo kimoja, ya chini kabisa, ukazunguka mbali siku nzima, mradi usipite kituo kimoja mara mbili na usitoke getini. Nauli inahesabiwa kwa njia fupi. Mimi nilitumia saa sita kufika stesheni niliyokuwa naiona kutoka nilikoanzia. Mwisho geti likanikatalia, tiketi imekaa ndani muda mrefu mno, ikabidi nimweleze mhudumu njia yote niliyopita. Akanifungulia.

Saa Mbovu
Saa sita ulikuwa unakimbia nini?

Mpole Sana
Huo nao ni wizi.

Pole Pole
Kule hata ukikata pungufu kuna mashine ndani ya geti, unaongezea tofauti, unatoka kwa amani. Hakuna wa kukuvua nguo.

Chuma Chakavu
Hamieni Luxembourg yaishe. Tangu 2020 treni ni bure nchi nzima, labda utake daraja la kwanza.

Mshika Kibendera
Abiria, yule mtoto sasa ana miaka mingapi?

Abiria wa Dirishani
Minane. Nimemsomea mama watoto uzi huu mpaka kwenye swali la Mama Pacha. Kanyamaza kidogo, akaenda kupika. Nikamfuata. Anasema tiketi ilikuwa kwenye mfuko wa kigari. Aliikuta usiku ule wakati anatoa nepi, akaona nimeshachoka, asiniongezee.

Miaka sita, wadau.

Mama Pacha
Mie sikutaka kusema.